Mshumaa wa Urefu wa Vida

Gvozden hakutaka kwenda. Safari ilikuwa imelipiwa tangu majira ya baridi na binti yake, Slavica, aliyeolewa Vienna. Siku tano juu ya mto Danubi, baba na mama, kwa ajili ya miaka hamsini ya ndoa yao. Mwezi wa nne mama akafariki. Nafasi zikabaki mbili, mtu mmoja.

"Nenda na mama mdogo," Slavica alimwambia kwa simu. "Usikae hapo kutazama ukuta, baba."

"Ukuta umekukosea nini?"

"Baba, nenda."

Basi akaenda. Alikuwa mtu wa miaka sabini na sita, mrefu, mgongo umepinda kwa ajili ya miaka thelathini na mmoja ya kuchimba shaba chini ya ardhi, mahali ambapo mtu hasimami wima. Shule aliishia darasa la nne. Nyumbani Vida ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, yeye akitikisa kichwa, na watu walikuwa wamezoea hivyo.

Dara, shemeji yake, alikuwa mdogo wake Vida kwa miaka mitatu. Alikuwa amezika waume wawili, na alipenda kusema kwamba wa tatu anajificha kwa sababu habari zimemfikia. Alipanda meli na viatu vipya vyekundu, mkoba mkononi, na kabla meli haijaacha gati la Belgrade alikwisha kujua nahodha ana watoto wangapi.

"Shemeji, cheka basi," alimwambia Gvozden. "Watu watadhani nimekuiba."

Siku ya kwanza walishuka Smederevo kutazama ngome. Mwongoza wageni, msichana aitwaye Tijana, alitangulia na mwavuli uliofungwa, ameuinua juu ili wasimpotee. Kuta nene, minara, majani ya njano yametapakaa kwenye nyasi. Gvozden aligusa mawe. Akatazama yalivyopangwa, akaona kazi ni nzuri. Akataka kumwambia mtu. Akageuka upande wa kulia, alikozoea kumkuta Vida, akakuta pipa la taka.

Chakula cha mchana walikula melini, meza moja na bibi wa miaka themanini na mbili aitwaye Persida, mtu wa kule tambarare za Bačka, aliyekuja peke yake na fimbo yake. Supu ya samaki ikaletwa, nyekundu, inatoa moshi.

"Mumeo hasemi?" Persida alimuuliza Dara.

"Huyu? Si mume wangu, ni shemeji. Angekuwa wangu ningemrudisha kwa mama yake. Marehemu dada yangu ndiye alimweza." Dara akapuliza kijiko. "Lakini usimwone hivi, dada. Huyu ni mwanamume. Dada yangu anakata roho hospitalini, moto umekatazwa, mashine zinalia, huyu akatoa kiberiti mbele ya nesi! Akawasha mshumaa, akamshikisha mkononi, akaushika naye mpaka mwisho. Nesi anapiga kelele, yeye kimya."

Persida akaweka kijiko chini. "Mikono yako ibarikiwe, baba."

Gvozden alitazama supu yake.

Hakuwasha mshumaa wowote. Vida alikufa alasiri, mkono mtupu, na Gvozden hakuwamo chumbani. Alikuwa chini, kwenye benchi la nje. Jioni ile Dara alipofika akilia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Alikuwa na mshumaa?" Naye akajibu, "Alikuwa nao." Basi, hayo tu. Mengine yote, nesi na kelele na kiberiti, aliyaongeza Dara mwenyewe mwezi baada ya mwezi, na Gvozden hakumkatiza hata mara moja.

Kwao, mtu akikata roho bila mshumaa mkononi huingia gizani, na hukaa gizani huko. Majirani wakigombania mpaka wa shamba hutukanana kila tusi lililopo, lakini kumwombea mtu afe bila mshumaa, hilo hawalitamki. Siku ya arobaini, familia ilipokusanyika mtoni kumwachilia marehemu maji ya kunywa huko aliko, Dara alimuuliza mbele ya watu wote, kama ilivyo desturi: "Shahidi, aliondoka vipi?" Gvozden akajibu, "Na mwanga." Wakaridhika. Wakaenda kula.

Na giza alilijua. Zamani mgodini taa yake ilizimika, na za wenzake wawili pia, wakakaa saa sita wakingoja kufikiwa. Mtu hajui tena kama macho yake yako wazi au yamefumba. Sasa kila akilala alimwona Vida humo humo, ameketi, anapapasa pembeni kutafuta ukuta.

Siku ya pili meli haikusimama mpaka mchana. Abiria walilala sitahani kwenye viti virefu, mablanketi magotini, kahawa mkononi. Jua lilikuwa la Oktoba, linaangaza na halichomi. Milima ya pande zote mbili ilikuwa nyekundu na kahawia. Walipopita ngome ya Golubac, hapo mto unapoingia katikati ya majabali, watu wote waliinuka kupiga picha. Gvozden hakuinuka. Ilikuwa raha, na raha ile ilimkaa vibaya, kama koti la mtu mwingine.

Persida alikuwa akizungumza na Dara.

"Lazar wangu aliondoka bila mshumaa," alisema. "Walikuwa wamemwekea hewa ya mtungi. Wakaniambia, bibi, ukiwasha hapa tutalipuka sote. Miaka tisa sasa. Bado nawaza."

"Pole, dada. Kwetu kungekuwa na njia."

"Njia gani?"

Dara akaketi sawasawa. Mambo ya wafu ya kwao aliyajua kuliko padri. "Anatengenezewa mshumaa wa urefu wake mwenyewe, kisigino mpaka utosi. Wa nta ya nyuki, si haya mafuta ya dukani. Unakunjwa kama nyoka aliyelala. Mtu wa damu yake anauwasha ukingoni mwa maji, kabla jua halijazama, na yule aliyekuwapo anatamka mbele ya jua na maji jinsi marehemu alivyoondoka. Anasema kweli yote. Kisha uachwe uwake mpaka mwisho. Hapo mwanga unamfikia."

"Mpaka lini?"

Aliyeuliza alikuwa Gvozden. Wote wawili wakamgeukia. Tangu asubuhi hakuwa ametoa neno.

"Mpaka lini nini, shemeji?"

"Huo mshumaa."

"Mpaka nusu mwaka. Ikipita nusu mwaka, alichokwenda nacho ndicho alicho nacho." Kisha Dara akakumbuka nani anamsikiliza. Akamshika Persida goti. "Lakini hayo ni ya kwetu, dada. Nyinyi wa tambarare mna desturi zenu."

"Tunazo," alisema Persida, akatazama maji.

Vida alifariki tarehe kumi na sita. Kesho ilikuwa tarehe kumi na sita, nusu mwaka kamili. Gvozden alijua hata kabla ya kuhesabu.

Jioni kabla ya chakula alitoka chumbani mwake, akavuka ujia hatua mbili, akagonga mlango wa Dara. Dara akafungua, kichwa kizima kimejaa vibanio vya kukunjia nywele.

"Nini, shemeji?"

Gvozden akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena.

"Una sindano?"

"Ya nini?"

"Kifungo."

Dara akamtazama juu mpaka chini. "Kifungo kipi? Umevaa sweta."

"Basi."

"Nenda ukale, mzee wangu. Njaa imekupanda kichwani."

Alirudi chumbani, akakaa kitandani, akajiita majina ambayo hata mgodini walikuwa wakiyatumia mara chache.

Siku ya tatu, Alhamisi asubuhi, Tijana aliwapeleka Lepenski Vir. Ni makazi ya watu wa kale sana, yako juu ya mto, chini ya paa kubwa la kioo. Sakafu za nyumba bado zipo, na katikati ya kila nyumba kuna jiko la mawe. Tijana alieleza kwa kipaza sauti kwamba watu hawa waliwazika baadhi ya wafu wao humo humo ndani, chini ya sakafu, karibu na moto. Akawaonyesha mifupa ya mmoja wao, amelala jinsi alivyolazwa.

"Ona, shemeji," Dara alinong'ona. "Walimweka jikoni asipate baridi. Watu wema."

Gvozden aliisogelea kamba ya kuzuia wageni. Aliitazama mifupa ile. Kisha akatazama jiko, mawe yake bado meusi. Miaka elfu kadhaa, hawana kanisa, hawana padri, pengine hata nguo hawana. Na bado hawakumwacha mtu wao akalala mbali na moto.

Akatoka nje, akaketi kwenye ukuta mfupi njiani. Dara akamfuata mbio, viatu vyekundu vinagonga mawe.

"Umekuwaje? Ni moyo? Niite mtu?"

"Keti."

Dara akaketi. Haijawahi kutokea Gvozden akamwamuru kitu.

"Hakuwa na mshumaa," Gvozden alisema.

"Nani?"

"Vida."

Watu wawili wa meli yao walipita wakicheka. Dara akangoja wapite.

"Rudia."

"Hakuwa na mshumaa. Sikuwamo chumbani. Nilipopanda juu walikwisha kumfunika."

Dara hakulia wala hakupiga kelele. Alihakikisha mkoba umefungwa. Kisha akainua mkoba wake kwa mikono miwili, akampiga nao begani. Akampiga tena.

"Nusu mwaka! Nusu mwaka nazunguka na wewe kama sanamu ya mtakatifu! Nimemsimulia muuza mkate! Nimemsimulia padri! Na dada yangu kakaa huko anagusagusa kuta!"

"Najua."

"Hujui kitu! Pale mtoni nilikuuliza. Shahidi, aliondoka vipi? Ukasema nini?"

"Na mwanga."

"Mbele ya maji!"

"Mbele ya maji."

Akampiga mara ya tatu, lakini mkono ulikuwa umechoka. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akapenga kamasi kwa nguvu. "Leo tarehe ngapi?"

"Ndiyo leo."

"Nakuuliza kama sijui? Nataka kusikia kama unajua." Akasimama. "Jua linazama saa kumi na mbili kasoro kidogo. Inuka. Usiniguse, inuka mwenyewe."

Saa tisa meli ilifunga gatini, katika mji mdogo wa Donji Milanovac. Ingeondoka saa kumi na mbili kamili. Abiria wengine walishuka kwenda kunywa kahawa na kununua asali. Dara alipanda moja kwa moja kanisani, Gvozden nyuma yake kama mshitakiwa. Mlangoni alikaa mama mmoja nyuma ya kimeza cha mishumaa, ile myembamba ya njano.

"Ni ya nyuki kweli?" Dara aliuliza.

"Ya nyuki, mama. Mingapi?"

"Yote."

"Yote?"

"Dhambi zetu ni nyingi. Funga."

Walirudi na kifurushi hadi chumbani kwa Dara. Meli ilikuwa tupu, kimya, harufu ya kabichi inapanda kutoka jikoni. Persida peke yake hakuwa ameshuka, magoti yalikuwa yakimsumbua. Aliwaona wakipita mbio, akawafuata polepole na fimbo yake, akasimama mlangoni. Akaona mishumaa juu ya kitanda. Hakuuliza. Akamtazama Gvozden mara moja, akajua.

"Maji ya moto mtahitaji," alisema. "Nitamwambia mpishi ni ya miguu yangu."

Dara alitoa uzi wa pamba kwenye kapu lake la kufumia. "Urefu wake."

Gvozden akaweka kiganja chini ya shingo yake. "Alinifika hapa."

"Hapo wapi? Wewe unasinyaa kila mwaka, unakuwa kama ndizi. Hapo leo si hapo jana." Dara akafikiri. Kisha akavua viatu vyekundu. "Nguo zake nilivaa bila kugusa pindo. Tulipimwa mlangoni kwa mama tukiwa wasichana, mstari ukawa mmoja." Akajinyoosha sakafuni, kati ya kitanda na kabati, miguu pamoja, mikono kifuani. "Pima."

Gvozden alipiga magoti. Akashika ncha ya uzi kisiginoni, akauvuta kandokando ya mguu, nyonga, bega. Uzi ulimwanguka mara mbili. Dara alikuwa amefumba macho. Akiwa amenyamaza hivyo, midomo imefungwa, alikuwa na uso wa Vida, hata ile alama ya kukunja kati ya nyusi.

"Usinitazame usoni," Dara alisema bila kufumbua macho. "Pima."

Akafika utosini. Akakata.

Persida alirudi na beseni la maji ya moto. Wakakaa watatu kitandani, wakalainisha mishumaa majini, wakaifinya kuuzunguka uzi, wakaisokota baina ya viganja. Vidole vya Persida vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, lakini msokoto wake ulikuwa laini kuliko wa Dara. Saa kumi na moja na kitu nta ikaisha. Uzi ulibaki mtupu kiasi cha shubiri moja.

"Niende kanisani," alisema Persida.

"Na miguu hiyo? Utafika Pasaka. Na mishumaa yao yote tumeshainunua."

Gvozden akatia mkono katika mfuko wa ndani wa koti. Akatoa mshumaa mmoja mwembamba, umepinda, umeshika vumbi la mfukoni. Utambi wake ulikuwa mweupe, haujaguswa na moto. Akauweka juu ya blanketi.

Dara akautazama. "Huu ni upi?"

"Ndio huo."

"Huo upi?"

"Wa hospitalini."

"Ulikuwa nao." Sauti ya Dara ilikuwa imeshuka. "Siku ile ulikuwa nao."

"Mfukoni."

"Na kiberiti?"

"Na kiberiti."

Dara akauchukua mshumaa ule, akauchovya kwenye maji, akaanza kuufinya. Aliufinya muda mrefu kuliko mingine yote. "Mimi nilidhani hukuwahi kununua," alisema mwishowe. "Nilidhani ni uzembe. Uzembe ningeuelewa, nyote ni wazembe."

Walitaka kuwasha sitahani, karibu na maji. Baharia aliyekuwa zamu akakataa. "Moto hapana, mama. Hapana kabisa. Hata sigara kule nyuma tu."

"Sawa, mwanangu. Tutawasha ulimwenguni."

Wakashuka. Upande wa chini wa gati palikuwa na ufuko mdogo wa changarawe. Gvozden akapanga mawe yawe kinga, maana upepo wa bondeni ulikuwa umeanza kuvuma. Dara akaukunja mshumaa ule, mzunguko ndani ya mzunguko, kichwa kikiwa juu. Jua lilikuwa limekaa juu ya mlima, limebaki kiasi cha upana wa mkono. Persida alisimama kando na fimbo yake.

Dara akageukia maji. Alisema yale yanayosemwa, akaliita jua, akayaita maji, akataja jina la dada yake na jina la mama yao. Kisha bila kumtazama Gvozden akauliza:

"Shahidi, aliondoka vipi?"

"Bila mwanga."

"Ulikuwa wapi?"

"Chini. Kwenye benchi."

"Kwa nini?"

Baharia alikuwa amejiinamia kwenye reli juu yao, anasikiliza. Watu wa kwanza walikuwa wakirudi na chupa zao za asali. Mmoja akasimama.

"Nesi aliniambia, mzee, kaa hapa, haitafika saa moja. Mimi nikasema naenda kuvuta sigara." Akasogeza jiwe moja la kinga kwa mguu. "Niliacha sigara miaka ishirini iliyopita."

"Endelea."

"Alikuwa ananitazama. Hawezi kusema, ananitazama tu. Nilikuwa na mshumaa, nilikuwa na kiberiti. Nikaogopa. Mgodini niliwatoa watu watatu waliokufa, mmoja nilimbeba mgongoni, sikuogopa. Yeye nilimwogopa. Nikashuka. Nilikaa kule nikijua. Nilihesabu magari. Nilikaa mpaka nikaona imetosha, ndipo nikapanda."

"Alikuona ukitoka?"

"Aliniona."

Dara alisimama vile vile, mgongo kwake. Mabega yake yalipanda, yakashuka. Ilibidi amalizie yeye, hakuna mwingine wa damu pale. Alipomalizia, sauti ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma vibao vya barabarani.

"Jua limesikia. Maji yamesikia."

Akachutama, akapiga kiberiti. Upepo ukauzima. Akapiga cha pili. Cha tatu Gvozden akaziba kwa viganja vyake, na moto ukashika. Wote watatu waliangalia ule moto mdogo. Nyuma ya mlima jua likamaliza.

Mshumaa uliwaka taratibu mno. Nta safi haina haraka. Kilipoungua kipande cha urefu wa kidole, meli ilipiga honi. Tijana akatokea juu ya gati na mwavuli wake.

"Wapendwa wageni! Tunaondoka!"

"Utachukua muda gani?" Persida aliuliza.

"Mpaka usiku mkubwa," alisema Dara. Akapangusa magoti. "Na hauzimwi. Ukizimwa katikati, bora usingewashwa."

Akamgeukia Gvozden sasa. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko viatu.

"Nimeuwasha, kwa sababu ni dada yangu. Lakini kukaa hapa na wewe siwezi. Nisikudanganye. Labda kesho, labda Krismasi, labda wakinizika. Leo siwezi."

"Nenda, Dara."

"Usiniambie nenda. Naenda mwenyewe."

Akapanda ngazi bila kugeuka. Persida alibaki nyuma kidogo. Aliinama kwa taabu juu ya moto, fimbo ikimzuia.

"Vida," alisema, kana kwamba anamwita jirani uani. "Hatujuani. Mwanga ukikubakia, mmulikie na Lazar wangu. Ni mfupi, ana upara. Utamjua." Kisha akamgusa Gvozden kwenye bega lile lililopigwa na mkoba, akaenda.

Kamba zikafunguliwa. Taa za meli ziliwaka zote pamoja, na ndani mtu akaanza kupiga kodiani. Gvozden aliona Dara akitokea sitahani, akitafuta kwa macho, amebeba koti zito la nje la Gvozden, alilokuwa ameliacha chumbani mwake.

"We mzee!" Dara alipiga kelele juu ya sauti ya injini. "Utakufa kwa baridi, halafu nani akushikie mshumaa? Mimi?"

"Tupa!"

Akalitupa. Koti lilipaa, likafungua mikono, likaanguka nusu kwenye changarawe nusu majini.

"Hata kulenga sijui! Basi la kwenda kwenu linapita saa mbili asubuhi, mbele ya posta!"

Gvozden aliinua mkono. Dara hakuinua wake. Lakini hakuondoka kwenye reli, na alionekana pale mpaka meli ikapinda nyuma ya jabali.

Aliliokota koti, akalikamua upande uliolowa. Hakulivaa. Alilitandaza juu ya mawe upande wa upepo, akalikandamiza kwa mawe mengine, na moto ukatulia, ukasimama wima. Akaketi kwenye changarawe karibu nao, magoti yakalia. Baridi ilikuwa ikipanda kutoka majini.

Kwa muda hakujua la kufanya na mdomo wake. Kazi ya kusema haikuwa yake miaka hamsini.

"Smederevo tulikwenda," alisema hatimaye. Akasafisha koo. "Kuta zake nzuri. Mawe makubwa chini, madogo juu, kila moja mahali pake. Ungechoka, ungetaka kukaa. Supu yao ya samaki, pilipili nyingi. Dara amenunua viatu vyekundu, vinambana, hasemi."

Nta ikachuruzika kwenye jiwe. Akaisukuma kwa kidole irudi karibu na utambi.

"Mimi nipo," alisema. "Jana tulipita Golubac. Wote waliinuka kutazama. Mimi sikutazama, kwa hiyo la Golubac siwezi kukuambia."

Akasogea karibu zaidi na moto, akatafuta lingine la kumwambia.